Beton ya Siku Moja

Juzi, kwenye duka la simenti pale Nyawera, mama mzee alikuwa akipatana na fundi wa beton, yaani zege. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeipasua sakafu yake.

"Mufanye kidogo kidogo, papa. Wiki yote."

"Hapana, maman. Udongo ya kwako inavimbaka na mvua. Tukimwaga vipande, itapasuka tena. Tutakuja wengi, tumalize siku moja."

Siku ya beton, mwenye nyumba huwapikia mafundi. Mama akakunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

"Na kesho yake nitapikia nani?"

Fundi akakohoa. "Kuchimba udongo kabla ya beton kunakamataka siku mingi, maman. Na wachimbaji nao wanakulaka."

Sote huulaani udongo wa mji huu. Yule mama alitoka akiuombea uwe mgumu.