Mikunjo ya Kushoto

Miaka michache kabla ya korona nilikaa miezi minne Guangzhou, nikiwa mpishi na mbeba mizigo wa mama mmoja wa Butembo aliyekwenda kununua vitenge. Watu wakiniuliza niliona nini Uchina, wanataka niwasimulie maghorofa. Mimi nakumbuka chakula cha barabarani. Asubuhi mapema watu wanakunywa uji wa mchele wenye chumvi, eti si sukari, wanachovya humo andazi refu, wamesimama na mkoba begani, halafu hao kazini. Tambi wanazivuta mdomoni kwa kelele na hakuna anayewagombeza. Kwetu mama angenifukuza jikoni.

Karibu na chumba chetu bibi mmoja aliuza kitu nilichokipa jina mwenyewe: sambusa ya mvuke. Ni unga uliosukumwa mwembamba, ndani kabichi na nyama, ukingo wake unafungwa kwa mikunjo midogo midogo, kisha inaiva kwenye kikapu juu ya maji yanayochemka. Hatukuwa na lugha ya kusemeshana. Nilikaa mbele yake, ng'ambo ya meza, nikaiga mikono yake. Mkono wake wa kulia nikaufuata kwa wangu wa kushoto, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na mikunjo yangu ikalalia kushoto wakati yake ililalia kulia. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Sambusa zangu aliziuza hivyo hivyo, nami nikalizoea kosa langu.

Niliporudi Bwera niliweka meza kando ya soko, njia ya kwenda mpakani. Vikapu nilisukiwa Kyarumba, na badala ya nyama nilijaza samaki wa Kasenyi. Kazi ikanizidi, nikamchukua rafiki yangu, Mkongomani aliyekimbia vita upande wa Beni. Nilimfundisha tukiwa bega kwa bega, kosa na yote. Aliniita yaya, maana kwao dada mkubwa ndiye yaya, nami nilimhesabu mdogo wangu wa damu. Kila asubuhi sambusa ya kwanza kutoka kikapuni tuliikata katikati, tukala nusu kwa nusu kabla ya mteja yeyote. Siku moja mwanajeshi aligonga meza: "Leta hiyo hapa, haraka!" Nikamwambia, "Afande, hii haiuzwi." Akangoja.

Mwaka wa pili mdogo wangu alinijia macho mekundu.

"Yaya, mama iko mugonjwa sana kule Butembo. Ninaenda."

Nilimfungia chumvi ya Katwe. Nilimpa na kitenge changu cha njano, kizuri kuliko vyote nilivyotoka navyo Guangzhou, akamfunike mgonjwa. Nilifunga siku tatu nikimwombea yule mama ambaye hata sura yake sijui. Na hili ndilo linaloniuma hadi leo: kila asubuhi niliendelea kuikata ile ya kwanza, nikala nusu yangu, nusu yake nikaiweka kwenye kisahani. Wateja walinicheka. Miezi mitatu nilifanya hivyo, mjinga mimi.

Kisha unga ukaadimika Bwera, nikaenda kuutafuta Kasese. Pale karibu na stendi mwanamke mmoja alininyooshea kitu kwenye karatasi. "Onja, mama. Ni chakula ya Wachina."

Sikuhitaji kuonja. Mikunjo ilikuwa imelalia kushoto, na duniani kote waliokunja hivyo niliwajua wawili tu, mimi na yeye. Nilimuuliza nani anayepika. Akanielekeza kwa kubenua mdomo, nyuma ya pazia.

Pazia lenyewe lilikuwa kitenge changu cha njano.

Nililisogeza. Alikuwa ameketi mbele ya jiko, mzima wa afya, kanenepa kidogo. Akanitazama macho makavu, bila haya.

"Yaya, usikasirike. Mama iko muzima. Nilikuwa nataka tu kitu yangu mwenyewe."

"Ungeniambia."

"Ungekatala."

Nisingekataa. Ningempa vikapu viwili na kumsindikiza mpaka Kasese, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Amenidanganya kwa ugonjwa wa mama yake ili apate kitu ambacho ningempa kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia hayo yote.

Kikapu kilikuwa kimeiva. Akakifunua, akatoa ya kwanza, akaikata katikati kama siku zote. Mkono wangu, mpumbavu huo, ulikuwa umeshanyooka. Akampitishia mwenzake wa nje nusu moja, nyingine akaitia mdomoni mwake.