Shangazi na Benchi la Mionzi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa na duka la vitambaa Bagamoyo mjini, na tangu nimjue hakupata kukubali kwamba anaumwa. Miguu ikivimba, alisema viatu vinambana. Akihema kwa kupanda vidaraja vitatu vya baraza, alimlaumu fundi aliyevijenga. Kwa hiyo kidonda kilipomtoka shavuni, karibu na sikio, alikiita kipele cha joto, akakipaka liwa na kukifunika kwa ushungi. Akaishi nacho hivyo zaidi ya mwaka.

Nilikigundua siku niliyompitia dukani. Alikuwa kainama kupima kitambaa, ushungi ukateleza. Nikaona kidonda kikubwa kama kifuniko cha soda, kingo zimeinuka, katikati panatoa maji.

"Shangazi, hiki nini?"

"Kipele."

"Kipele gani cha hivi?"

"Kilichokosa adabu," akajibu, akaendelea kupima.

Wiki ileile nikampeleka hospitali Dar es Salaam. Wakakata kinyama kidogo kwenda kupima, na majibu yalipotoka yalikuwa saratani ya ngozi, tena imeshazama ndani kuelekea tayani. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Hakunieleza mimi, alimweleza Shangazi mwenyewe, na hilo Shangazi alilipenda.

"Bibi, kidonda kama hiki kwa kawaida tunakikata. Lakini moyo wako umechoka. Nikikulaza kwa dawa ya usingizi saa nyingi, naogopa hutaamka."

"Hata mimi naogopa. Sasa?"

"Tutakupiga mionzi, siku tano kwa wiki, wiki nne. Siwezi kukuahidi kwamba kitakwisha chote. Nataka kinywee, kikauke, kisikusumbue."

"Basi mwanangu, kitie adabu," Shangazi akasema, na daktari akashindwa kujizuia kucheka.

Shangazi akahamia kwangu Mapinga, kwa sababu mume wangu anafanya kazi Dar na kila asubuhi hutoka na gari. Alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma, akamfundisha mume wangu kuendesha njia nzima, yeye ambaye hajapata kushika usukani maishani.

Hospitalini walimtengenezea kinyago. Bamba la plastiki lenye matundu lililainishwa kwenye maji ya moto, likalazwa usoni pake mpaka likashika umbo la pua na kidevu. Kila siku angevikwa hicho na kubanwa kitandani asitikisike. Nilidhani ataogopa. Alipotoka alikuwa na lalamiko moja tu.

"Kinanuka plastiki. Nimemwomba nesi nikifukize udi, kakataa."

Liwa, mafuta na marashi vilipigwa marufuku shavuni. Maji matupu ya kutawadhia ruksa, ila asisugue. Basi akawa anafukiza buibui lake kila asubuhi, na gari letu likanukia kama chumba cha bi harusi, hata wenzake mume wangu kazini wakaanza kumuuliza maswali.

Kwenye benchi la kusubiria, nafasi iliyo chini ya feni ilikuwa na mwenyewe: mkulima mzee wa Vigwaza, Mkwere, aliyeotwa na saratani kwenye kovu la zamani la moto mguuni. Naye kifua chake hakikuruhusu upasuaji.

"Bi mkubwa, hapa nimewahi mimi," akamwambia Shangazi siku ya kwanza. "Nyie watu wa mjini mnaamka mkishaletewa chai kitandani."

"Na nyie Wakwere mnalala na viatu ili muwahi benchi?"

Watu wote wakacheka. Siku ya tatu nikamkuta mzee kasogea, kamwachia nusu ya feni.

Wiki ya tatu ilikuwa mbaya. Shavu lilikuwa jekundu linabanduka, mdomo umekauka, chakula hakina ladha. Asubuhi moja Shangazi akageukia ukutani.

"Niacheni. Nimekula chumvi ya kutosha."

Nilibembeleza mpaka nikalia. Gari linanguruma nje, mume wangu anachelewa. Mwishowe nikampigia simu yule mzee, maana tulikwishapeana namba, nikaweka sauti ya juu ili Shangazi asikie.

"Hataki kuja?" mzee akauliza. "Vizuri. Mwambie leo najinyoosha benchi zima."

Shangazi akageuka. "Mpuuzi huyo," akasema, akaomba buibui.

Akamaliza wiki nne zote. Miezi miwili baadaye kidonda kilikuwa kimekauka, kimebaki kama ukucha wa kidole kidogo. Daktari alimwambia wazi kwamba ugonjwa haujaisha wote na kwamba atamwangalia kila baada ya miezi michache. Shangazi akaitikia kwa utulivu, akamuuliza kama ameolewa.

Jumapili moja tukaenda Vigwaza kumtembelea mzee. Mguu ulikuwa umepoa, anatembea na mkongojo. Alikuwa ametupikishia kisamvu kwa karanga. Shangazi akaonja, akauliza nazi iko wapi. Mzee akasema kisamvu cha nazi ni chakula cha watu wasio na meno. Walibishana mpaka sahani zikaisha, na tulipoaga kuwahi njia, walikuwa bado hawajapatana.