Karatasi ya Biashara, Karatasi ya Nyumbani

Mzee Makame alikuwa na ugomvi na maneno. Si maneno ya umbea, hayo aliyapenda kama sisi sote. Ni maneno ya barua za biashara. Tulishiriki baraza moja pale mtaa wa Mlandege, yeye na meza yake ya kuandikia watu barua, mimi Kalinga na cherehani yangu, na sikumbuki siku iliyopita bila yeye kumkemea mtu.

"Unasema umemkopa. Umemkopa au umemkopesha?"

"Si ni moja tu, mzee?" Mhehe mwenzangu angejibu, maana Kiswahili wengi wetu tulikikuta ukubwani.

"Moja? Ipeleke hiyo moja yako kwa hakimu uone nani atalipa!"

Alifundisha pia kwamba amana si dhamana, na kwamba mapato si faida. Mwenye duka akichanganya hayo mawili, alisema, atakula mtaji wake huku akicheka. Mimi nilimwona ana makuu, na nilimwambia. Alicheka tu.

Lakini kosa lililomchukiza kuliko yote ni kuchanganya maneno ya duka na ya nyumbani. Watu wetu huanza barua kwa salamu za ukoo mzima, wakaingiza bei ya maharage, kisha mwishoni kabisa, "ila mama amefariki." Makame hakukubali. Karatasi ya biashara ibebe biashara. Ya nyumbani iwe na bahasha yake, ipite posta. Ndivyo alivyomfundisha Yotamu, aliyetoka misheni akakaa naye hadi akawa karani kamili mwenye mke. Kisha akampeleka Mbeya akamwandikie mkwewe, Ahmadi, ambaye kununua mchele wa Usangu alikujua sana, lakini kalamu hakuijua.

Mke wa Ahmadi alikuwa Mwanakhamisi, mtoto pekee wa Makame. Mama yake alifariki akimzaa. Mzee alimlea mwenyewe, akamsuka nywele kombokombo huku majirani tukimcheka, na alipoolewa alikonda mpaka nikampunguzia kanzu. Sasa binti alikuwa na mimba ya kwanza, na Makame, kwa yaliyompata mkewe, aliogopa. Alimwambia walipoagana: "Ukijisikia vibaya niite tu, mwanangu. Nitaacha kila kitu nije."

Masika ya mwaka hamsini na nne, Philbert, dereva wa lori, alileta mchele wa Ahmadi, ambao Makame humpokelea, na barua. Magunia, bei, jina la mnunuzi. Hakuna neno la ziada. Makame aliinua karatasi juu kama mtu anayetazama kitambaa kipya. "Tazama mwandiko wa Yotamu, Fundi. Hiyo ndiyo barua!" Alifurahi mchana kutwa, hata akaninunulia kahawa.

Juma lililofuata Philbert alirudi na shehena nyingine. Alipomwona Makame mezani alishangaa.

"Shikamoo, mzee. Mbona bado upo?"

"Marahaba. Niende wapi?"

"Si walikuandikia? Nimesikia safari hii, binti yako yuko hoi kitandani. Mimba imeharibika, anakuita wewe tu."

Makame aliinuka, wino ukamwagika mezani, hakuutazama. Niliacha suruali ya mtu nusu, nikapanda naye lori, maana asingefika peke yake. Tulipopita Mafinga tope lilitukamata. Abiria wote tulishuka tukasukuma, na yeye akasukuma, kanzu imelowa hadi magotini, akirudia neno lilelile: "Ananingoja. Ananingoja."

Tulipofika Mbeya wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

Ahmadi alimwona mkwewe akaanza kulia. "Baba, tulikuandikia. Tulikuandikia mapema!"

Yotamu alisimama nyuma yake. "Mwalimu, tajiri alinitajia yote pamoja, mchele na ugonjwa. Mimi nikatenga, kama ulivyonifundisha. Ya mchele nikampa Philbert. Ya nyumbani niliipeleka posta siku ileile."

Kumbe gari la posta, lililopita njia nyingine, lilikuwa limezuiwa na mafuriko, na barua ndani yake. Nilitaka kumpiga mtu. Nilitazama watu wote pale, nikakosa wa kumpiga, nikalia kama mtoto.

Makame hakumlaumu Yotamu. Alimshika bega, akaingia ndani kwa Bi Waridi, mama yake Ahmadi, aliyemuuguza marehemu. Nami nilikuwa mlangoni. Hakuuliza alikufaje. Aliuliza jambo moja: je, binti alijua kwamba habari hazikumfikia baba yake?

Bi Waridi alimvutia mkeka akae.

"Kila lori likipiga honi alitaka tumwinue atazame. Tukamwambia, tulia mwanangu, barua imefika, Philbert mwenyewe amempa baba mkononi. Tulidhani tunampa moyo. Siku ya mwisho malori yalipita, hakutaka kuinuliwa. Alisema, 'Baba ana kazi nyingi,' akageukia ukutani."