Maktaba Ambayo Haikutangazwa Kanisani

Katibu wa kanisa letu alikuwa na kikohozi cha matangazo. Hakuwa mgonjwa. Mahubiri yakiisha, alisimama, akakohoa mara moja, na hata watoto waliokuwa wakisinzia kwenye mabenchi waliamka. Ndipo tulipojua mbuzi wa nani amepotea, nani anaoa, daktari wa macho atakuja lini sokoni. Sisi wa upande wa Kathonzweni tuliishi kwa matangazo hayo. Mama yangu aliyaamini kuliko redio. Jambo likisomwa pale mbele lilikuwa la kweli. Lisiposomwa, lilikuwa porojo za watu wa sokoni. Niliwahi kumuuliza kama mvua nayo husubiri katibu akohoe ndipo inyeshe. Alinirushia ganda la mbaazi.

Ulikuwa msimu wa mbaazi mbichi. Nyumba nzima ilinuka majani yake, na vidole vyetu viligeuka rangi kwa kuambua. Dada yangu Mwende, aliyekuwa darasa la saba, ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kutushinda sote. Alitenga mbaazi zilizoliwa na wadudu bila kuziangalia, kwa kuzipapasa tu, na mwanzoni tulidhani ni ufundi. Kumbe macho yalikuwa yanamwacha. Shuleni alisogeza kitabu hadi pua ikagusa karatasi, wenzake wakamwita Mnusaji. Mwalimu mmoja kijana, siku chache kabla ya kuhamishwa, alimwambia kwamba katika maktaba ya umma mjini kuna vitabu vya nukta zinazosomwa kwa vidole, na mtu wa kumfundisha, bila malipo. Shule maalum ilikuwa mbali na Mama hakutaka kumwachia mtoto wake watu asiowajua. Maktaba, basi, ndiyo ilikuwa njia pekee ya Mwende kubaki darasani.

“Mbona haijatangazwa?” Mama aliuliza.

“Labda katibu hasomi vitabu,” nikasema.

“Nyamaza, wakili. Kitu cha bure cha watu wote hakiwezi kukosa kutangazwa.”

Mwende alimbembeleza hadi akakubali, tukaenda mjini sisi watatu. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu nadhani ungeweza kuwa mji wowote. Kando ya barabara tulikuta kibao kikubwa chenye mshale. Mwende aliachia mkono wa Mama, akakikaribia, akasoma kwa sauti: “Maktaba ya Umma.” Akamgeukia Mama huku akicheka. “Mwaitu, nimesoma mwenyewe!” Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akisoma chochote.

Tulifuata mshale hadi kwenye duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilitupiga puani kabla hatujafika mlangoni.

“Maktaba ilihama kitambo,” muuzaji alisema.

“Ilihamia wapi?” nikauliza.

“Hawakuniambia. Mimi nilipewa funguo tu.”

Tuliuliza kwa mama muuza ndizi, tukauliza kwa fundi viatu. Kila mmoja alielekeza upande wake. Jua likawa kali, Mwende akajikwaa kwenye mtaro, akaumia goti. Mama alimfunga leso pale penye damu, akasema twende nyumbani. Hakugomba. Njiani alisema tu, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, “Ingekuwa kweli, ingetangazwa.” Mwende hakubisha. Muhula uliofuata hakurudi shuleni.

Nilikuwa chuo kikuu nilipoipata maktaba ile, nikiwa natafuta kitu kingine kwenye simu. Yote yalikuwa kwenye ukurasa wao: mahali, saa za kufungua, siku za mafunzo kwa wasioona. Nilikwenda. Ilikuwa nyuma tu ya safu ya maduka tuliyozunguka siku ile. Mhudumu alikuwa mpole. Alinionyesha rafu ya vitabu vinene vya nukta, karibu vyote vipya, havijaguswa. Nilimuuliza walipohama walimwambia nani.

“Tulibandika tangazo,” alisema.

“Wapi?”

“Hapa mlangoni.”

Nilitaka kucheka. Tangazo la kutuelekeza mlangoni, limebandikwa mlangoni. Nilimuuliza kama anaweza kuniandikia lingine, na Jumapili iliyofuata nikampa katibu. Amezeeka, lakini kikohozi ni kile kile. Alianza na mbuzi mweusi aliyepotea, watu wakacheka kwa sababu mbuzi huyo hupotea kila mara. Kisha akasoma habari za maktaba: iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, wasioona wanafundishwa kusoma, hakuna malipo. Halafu harusi.

Leo mtoto yeyote wa kijiji chetu mwenye simu anaweza kuipata maktaba ile kabla chai haijapoa. Naambiwa hayo ndiyo maendeleo, na sijui nibishe vipi. Ninachojua ni kwamba dada yangu, mtu mzima sasa, Jumapili ile alikuwa ameketi kati yangu na Mama, mikono mapajani, vidole vikisuguana kana kwamba vinatafuta mbaazi mbovu. Mama alimwinamia, machozi yakimlenga.

“Mwende, imetangazwa.”

“Nimesikia, Mwaitu,” Mwende alisema taratibu. “Imetangaziwa nani?”