Mchuma Matikiti na Jina Lililolazwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Msimamizi wa shamba amesimama kwenye ngazi ya trekta, anaita majina ya wachumaji mmoja mmoja. Akifika kwenye jina la kumi na nne hatamki kitu. Ananyanyua kidevu tu, na mwanamume mrefu mwenye kofia ya ukili anajibu, "Nipo."

Anachomoa kisu, anaingia kwenye matuta. Anagonga tikiti kwa kidole, anasikiliza, anakata kikonyo, anamrushia mwenzake aliye juu ya tela. Itakuwa hivyo mpaka saa nane mchana, jua litakapowashinda.

Gazeti hili nalo halitaliandika jina lake la kwanza. Tumwite Nalau, kwa jina la baba yake. Ana miaka thelathini na minne, mkulima wa viazi vikuu kutoka kisiwa cha Tanna, Vanuatu, na huu ni msimu wake wa tatu katika shamba hili la kusini mwa Tennant Creek, Australia. Analipwa dola ishirini na saba kwa saa. Kodi ya kitanda na nauli zikishakatwa, kinachobaki kinamjengea mkewe Rosina nyumba ya matofali.

Jina lake hilo la kwanza lilikuwa la watu wawili. Msimu wa kwanza, nje ya duka la kijiji cha Waaborijini, msimamizi alimwita Nalau kwa jina hilo arudi garini. Wakaitika wawili: yeye, na mzee mmoja wa kabila la Wawarlpiri aliyekuwa amekalia kreti.

"Mzee akanikazia macho," anasema Nalau. "Akaniambia, 'We kijana, hilo jina nimelivaa miaka sitini na minane. Umelitoa wapi? Lirudishe!' Nikaanza kuomba radhi, kumbe ananitania."

Tangu siku hiyo wakaitana somo. Kila Jumapili Nalau alimpelekea tikiti lililopasuka, lisilouzika. "Tikiti tena?" mzee alikuwa akilalama. "Mimi mbuzi?" Kisha analila lote, na kumfukulia mgeni wake mkia wa kangaruu kutoka kwenye majivu. Alimpa hata jina la kundi lake la ukoo, Japaljarri. Wakawa ndugu, na mke wa mzee, Nakamarra, akawa shemeji.

Ujanani mzee alichunga ng'ombe wa wazungu kwa ujira wa unga, chai na tumbaku. Alikuwa akimwambia Nalau, "Mimi nimechunga ng'ombe wa watu, wewe unachuma matikiti ya watu, na ardhi ni ya baba yangu. Somo, sisi akili tuliziacha wapi?"

Mwezi wa nne mwaka huu figo zake zilichoka. Akapelekwa Alice Springs, mamia ya kilomita kutoka kwake, kwenye mashine ya kusafisha damu. Hakurudi.

Habari zilimkuta Nalau shambani. Alikwenda kijijini na matope yake miguuni. "Kwetu mtu wako akifa unamlilia kwa jina, kwa sauti, ajue hajasahaulika," anasema. "Nikasimama mbele ya nyumba yake, nikaliita jina mara tatu."

Wanawake waliziba masikio. Watoto walivutwa ndani. Kwa Wawarlpiri jina la maiti halitajwi, nyumba yake inahamwa, picha zake zinafichwa. Nalau hakuwahi kufiwa pale, na hakuna aliyewahi kumwambia. "Wangenifokea ningepata nafuu," anasema. "Walinyamaza."

Siku tisa zilipita. Dukani hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Tikiti aliloliacha juu ya kreti alilikuta limeoza, na huo ndio uchungu wake hasa: alimpoteza somo wake, akaamini amewapoteza na watu wake.

Siku ya kumi Napaljarri, dada wa marehemu, alikuja kwa miguu mpaka kwenye uzio wa shamba.

"Kumanjayi! We Kumanjayi! Umeziba masikio?"

Nalau akatazama nyuma yake. "Unamtafuta nani, dada?"

"Nakutafuta wewe, mjinga wewe! Jumapili nimekuita mpaka koo limenikauka, umenipita kama hunioni!"

Ndivyo anavyoitwa kila mwenye jina la marehemu, mpaka msiba uishe. Jina lake mwenyewe lilikuwa limelazwa pamoja na mwenzake.

"Nilidhani mmenifukuza."

"Ningekuwa nimekufukuza ningetembea jua lote hili? Umekosea, ndiyo. Hata watoto wetu wa nyumbani wanakosea. Haya, weka kisu, twende ukalie na wenzako."

Kijijini Nakamarra alimpokea, kichwa chake kimepakwa udongo mweupe. Mjane kwao hasemi, anazungumza kwa mikono. Alimshika Nalau viganja vyote viwili, wakalia.

Lakini kuna jambo halijaisha. Siku tano baada ya msiba Rosina alijifungua mtoto wa kiume, na masomo hao wawili walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba atapewa jina lao. Nalau alimuuliza Nakamarra kama ahadi ipo. Mjane akalaza shavu juu ya kiganja.

"Lilale kwanza," Napaljarri akamfasiria. "Mwaka. Pengine miwili."

Kwenye simu Rosina hana subira. "Mtoto ana wiki sita anaitwa 'Wewe'! Watu wanatucheka. Mpe jina lolote basi, baba."

"Lake lipo, mama. Linapumzika."

"Lipumzike, na mwanangu je?"

 Ndege ya Nalau ni Jumanne; mazishi, ambayo huko huchelewa, ni mwezi ujao. Hatamzika somo wake.

Jumapili ya mwisho alimpelekea Nakamarra tikiti lililopasuka. Mjane alilipokea. Kisha akajielekezea kidole kifuani, akasimamisha vidole viwili juu ya kichwa, pembe za mbuzi. Nalau anasema alicheka na kulia kwa pamoja, njia nzima ya kurudi kambini.

"Msimu ujao nitarudi," anasema, akifuta kisu kwenye suruali. "Nitakaa kwenye lile kreti nisubiri. Siku Napaljarri atakaponiita kwa jina langu, nitampigia Rosina simu amwite mtoto."