Klachi ya Stata

Fundi wa banda la pili hunawa mikono kabla ya kufungua injini, jambo linalomkera jirani yake, fundi mwenzake. Hupanga boliti juu ya kipande cha boksi kama zilivyotoka, akizinong'oneza. Leo ameletewa pikipiki kuukuu ya mteja aliyemhama jirani. Jirani alikuwa ameibadilisha stata bure bilashi. Kumbe klachi yake, inayoishikisha stata na injini, ndiyo iliyolika. Roho inamuuma jirani, anaomba japo boliti moja ipotee.

Klachi mpya ilipokaa, fundi akamwita: "Kaka, njoo unikagulie kabla sijafunika."

Jirani akazungusha gia ya klachi hiyo kwa kidole. Upande mmoja ikazunguka, upande wa pili ikagoma, kama inavyotakiwa. Akarudia mara tatu.

"Imeshika," akasema, na neno likamtoka kama jino linalong'olewa.