Oili Iliyokuwa Inatoka Juu

Nakumbuka asubuhi moja, meno ya mbele hayajaota, mama akinivuta sikio nje ya kanisa kwa sababu nilipangusa kamasi na mkono wa shati mpya. Shati hiyo iliponibana, wakavaa ndugu zangu wawili, halafu ikakaa kwa sanduku miaka mingi, na mwisho ikawa kitambaa cha kupangusa pikapu yangu. Hapo ndipo nilitaka kufika, mwanangu, nivumilie.

Pikapu niliinunua kuukuu, miaka michache baada ya uhuru, nikikaa Gatitu. Ilikuwa inadondosha oili. Matone tu, lakini kila mahali ilipolala iliacha doa jeusi. Jumamosi hiyo nilikuwa nibebe wazee wetu na mbuzi tano tuende Gakindu kwa kina Wanjiru kupeleka mahari. Nilikuwa nimeahirisha mara mbili, na baba yake ametuma neno kwamba ya tatu hakuna. Tena sikutaka kuchafua uwanja wa mkwe uliofagiwa.

Basi Ijumaa asubuhi nikaingia chini ya gari. Nikaona tone linaning'inia kwa sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini. Nikasema ni hapa. Sikupangusa, sikuangalia juu. Nilitia bomba kwa mkono wa spana iwe ndefu, nikakaza boliti zote kwa nguvu za kijana anayetaka bibi. Moja ikalia, ikaanza kuzunguka bure. Meno yake yameisha. Sasa oili haikudondoka, ilitiririka.

Jirani yangu Wafula, dereva wa polisi kutoka Bungoma, mkubwa kuliko mimi kwa umri, akainama kunitazama.

"Ulikuwa unakaza ama unakamua ng'ombe?"

"Mzee, nisaidie. Kesho ni kwa wakwe."

"Nyinyi watu wa hapa, mtu akiumwa na kichwa mnamfunga bandeji kwa mguu. Leta kitambaa."

Akaizungushia boliti ile uzi wa kushonea na sabuni, akairudisha, tukaongeza oili. Kisha akapangusa injini yote ikawa kavu, akaniambia niwashe, nisiguse kitu. Tukangoja. Kumbe oili ilikuwa inatoka kwa kifuniko cha juu, inateremka nyuma kama jasho la mgongo. Gasketi ya hapo, ile karatasi ya kuziba kati ya kifuniko na injini, ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi. Akazima, akakata nyingine kwa katoni nene, akaipaka grisi, akakaza kwa vidole kwanza, halafu na spana fupi, polepole.

"Hii ni ya kukufikisha kwa wakwe. Jumatatu tafuta fundi."

Tulifika, na uwanja ulibaki safi. Wanjiru ndiye huyo anakuita ukule.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla ya kukaza chochote, pangusa, ngoja, uangalie kuanzia juu. Ukikaza, mkono uwe mwepesi. Hata kwa nyumba yako: bibi akinyamaza, usimkaripie juu ya chumvi. Kaa chini umuulize. Mungu akupe macho ya kuona mambo yanapoanzia, na jirani wa kukucheka akikusaidia.

Ijumaa ile nilimwomba Wafula angoje chai.

"Nitakunywa siku bibi amekuja," akasema, akapangusa mikono, akatoka kwa geti akipiga mluzi.

Wiki iliyofuata alihamishwa kazi, sikuambiwa wapi. Wanjiru alipokuja alipika chai, nikaipeleka mwenyewe kwake, labda amerudi kuchukua vitu. Nyumba ilikuwa na kufuli. Hakurudi tena.